Kuondoa huduma za chinichini kwenye Windows bila kupoteza Wi-Fi: mwongozo kamili

Laptopu nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Langoni, Lamu, zikiwa hazishiki Wi-Fi, hazitoi sauti au hazichapi, hazina ubovu wowote. Mwenyewe alichoshwa na uzito wa mashine, akatazama video, akazima kwa mkupuo huduma ishirini, yaani programu zinazojiendesha kimyakimya bila dirisha, kisha akaiwasha upya. Kilichofuata ndicho kilichomleta.

Wengi huanza na huduma za Windows zenyewe, ilhali mzigo mkubwa huwa umepandishwa na programu zilizokuja baadaye: za kampuni iliyounda laptopu, za aliyeitumia kabla yako, na zile zilizojipenyeza siku uliyopakua kitu cha bure. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na zile video. Tunaanza na programu ngeni, tunafika kwa huduma za Windows mwishoni, na kuna watakaoridhika kabla ya kufika huko.

Maelezo ni ya Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe nimeyaacha kama yalivyo kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kugusa chochote

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Bila hiyo amri nyingi zitakataliwa.
- Chaja, na betri iliyojaa. Stima ikikatika mashine ikiwa katikati ya kurejesha mfumo, utakuwa na kazi mbili badala ya moja.
- Flashi au diski ya nje yenye nakala ya picha na hati zako.
- Daftari na kalamu. Faili lililo ndani ya laptopu isiyowaka halikusaidii.
- Ufunguo wa BitLocker, kufuli la diski la Windows, wenye tarakimu 48. Huu ndio watu husahau. Laptopu nyingi za kisasa zimefungwa diski bila mwenyewe kujua, na siku ukiingia kwenye skrini ya matengenezo zinaweza kuudai. Fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kama msimamizi (litafute, libofye kwa kitufe cha kulia, "Run as administrator"), andika amri ifuatayo, kisha nakili tarakimu hizo daftarini. Ukiambiwa hakuna kinga yoyote, diski yako haijafungwa, endelea.

`manage-bde -protectors -get C:`

- Saa mbili zisizo na haraka. Usiifanye kazi hii ukiwa na barua ya kutuma jioni hiyo hiyo.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kukata

Washa upya mashine kwa "Restart", ingia, kisha usiguse chochote kwa dakika kumi. Dakika za kwanza kila kitu huwa na shughuli, na ukipima wakati huo utamshuku kila mtu.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager. Kwenye Windows 10 ikikuonyesha kidirisha kidogo, bofya "More details". Nenda "Processes", na uandike asilimia tatu zilizo juu: CPU, Memory na Disk. Kisha bofya kichwa cha kila safu ili kinachokula zaidi kipande juu, na uandike majina matatu ya kwanza.

Kama kero yako ni bando linaloisha lenyewe, fungua Settings, ingia "Network & internet", utafute "Data usage". Hapo utaona kila programu imekula kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Wengi hugundua papo hapo kwamba mlaji ni kivinjari chao wenyewe, na huduma za chinichini hazihusiki.

Onyo: kama Disk imekaa 100% na mashine imetulia, na diski yako ni ile ya kuzunguka, kuzima huduma kutapunguza maumivu kidogo tu. Dawa yake ni SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Task Manager, kichupo cha "Performance", itakuambia kama diski ni HDD (ile ya kuzunguka) au SSD. Vivyo hivyo RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile "Memory") ya GB 4: Windows 11 inakubali kuanzia hapo, lakini kukubali ni jambo moja na kustarehe ni jingine.

Umefaulu ukiwa na namba tatu na majina kadhaa kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Weka njia ya kurudi

Kwenye kisanduku cha kutafuta andika "Create a restore point", ufungue. Teua diski ya C, tazama kama ulinzi wake umeandikwa "On". Mara nyingi umeandikwa "Off". Bofya "Configure", chagua "Turn on system protection", kubali, kisha bofya "Create" na uipe jina unalolielewa, mfano *kabla ya huduma*.

Sasa hifadhi orodha ya huduma zote jinsi zilivyo leo. Fungua PowerShell, dirisha jingine la amri, kama msimamizi, uandike yote kwa mstari mmoja:

`Get-CimInstance Win32_Service | Select-Object Name, DisplayName, StartMode, State, PathName | Export-Csv C:\huduma.csv -NoTypeInformation`

Faili hilo linafunguka kwa Excel. Linaonyesha jina la kila huduma, namna inavyoanza, kama inaendeshwa sasa, na mahali programu yake ilipo. Linakili kwenye flashi. Ukikosea wiki ijayo, hutakuwa na haja ya kumwuliza mtu "hii ilikuwa vipi mwanzo?"

Umefaulu ukipata ujumbe kwamba alama ya kurejesha imeundwa, na faili la huduma.csv likifunguka likiwa na mistari mingi.

## Hatua ya 3: Jua nani mwenye huduma

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `msconfig`, ingia "Services", kisha weka alama chini kwenye "Hide all Microsoft services". Orodha ndefu itapungua ghafla. Zilizobaki zimeletwa na wengine, na hapo ndipo pa kuanzia.

Dirisha hili litumie kwa macho tu. Chini yake kuna kitufe cha "Disable all", na hicho ndicho kimewatia watu wengi taabuni. Maalim mmoja kutoka Matondoni aliniletea yake baada ya kukibofya.

"Mwanangu, skrini imeingia giza na vitufe vya mwanga havisikii."

"Maalim, vilikuwa vinasikia mpaka lini?"

"Mpaka nilipoisafisha."

Huduma ya kampuni iliyounda laptopu, inayosikiliza vitufe vya Fn vya mwanga na sauti, ilikuwa mle ndani pamoja na takataka. Kuiwasha kulichukua dakika mbili, kuitafuta kulichukua muda zaidi. Majina yenye Intel, Realtek, AMD, NVIDIA, Synaptics au ELAN kwa kawaida yanahusu picha, sauti, mtandao au kipanya cha kidole. Hayo yaache.

Kisha soma safu ya PathName kwenye huduma.csv. Njia inayoanza na `C:\Windows\System32\svchost.exe` kwa kawaida ni huduma ya Windows. Iliyo ndani ya `C:\Program Files` kwa kawaida ni ya programu uliyowekewa. Ukiona huduma inayoendeshwa kutoka folda ya AppData au Temp, ishuku: ingia Windows Security, "Virus & threat protection", "Scan options", uchague uchunguzi wa "offline scan". Mashine itajizima na kujichunguza kabla Windows haijawaka.

Andika daftarini majina unayoyashuku na programu inayomiliki kila moja. Usizime kitu bado.

## Hatua ya 4: Ondoa programu, huduma itaondoka nayo

Ukizima huduma na programu yake ukaiacha, siku programu ikijisasisha huduma inarudi. Hii ndiyo sababu ya malalamiko ya "nimeizima mara kadhaa na bado iko". Ng'oa programu yenyewe.

Windows 11: Settings, "Apps", "Installed apps". Windows 10: Settings, "Apps", "Apps & features". Au bonyeza Windows na R, andika `appwiz.cpl`. Ondoa moja moja, kwa kuanza na hizi:

- Programu za "kusafisha kompyuta" na "kusasisha madereva" (drivers, programu zinazoendesha vifaa vya mashine). Sijaona moja iliyostahili nafasi yake.
- Antivairasi ya majaribio iliyokwisha muda. Inaendelea kukaa kwenye RAM ikikudai pesa, na wakati huo huo Microsoft Defender, kinga ya Windows yenyewe, imejiweka kando kwa sababu yake. Ukiiondoa, Defender hurudi. Fungua Windows Security uhakikishe.
- Programu za kuendesha kompyuta kutoka mbali ambazo wewe hukuziweka. Hili ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la uzito.
- Visaidizi vya printa ambayo ulishaiuza.

Wenye laptopu za mitumba kutoka Uingereza na kwingineko, zile tunazoziita ex-UK, wasome hapa kwa makini. Baadhi zilikuwa mali ya kampuni. Ingia Settings, "Accounts", "Access work or school". Ukikuta akaunti ya shirika usilolijua, au Settings ikikuambia kwamba baadhi ya mipangilio inasimamiwa na shirika lako, usihangaike na huduma moja moja. Weka Windows upya kwa usafi, na kama bado inadai akaunti ya shirika, irudishe kwa aliyekuuzia.

Ukimaliza bofya "Restart". Usitumie "Shut down", na kuna sababu: kwenye Windows 10 na 11, Fast Startup ikiwa imewashwa, kuzima kwa kawaida huhifadhi hali ya mfumo kwenye diski na kuirudisha utakapowasha. Unaweza kuzima na kuwasha juma zima bila mfumo kuanza upya kikweli. Restart ndiyo inayoanza mwanzo.

Umefaulu ikiwa jina la huduma halimo tena kwenye msconfig. Pima tena kama hatua ya 1. Kwa laptopu nyingi tofauti kubwa huonekana hapa, na ukiridhika, simama.

## Hatua ya 5: Programu zinazojiwasha zenyewe

Hizi si huduma, lakini watu huzichanganya. Task Manager, "Startup apps" au "Startup" kwenye Windows 10. Bofya jina kwa kitufe cha kulia, chagua "Disable". Programu za muziki, za mazungumzo na vizindua vya michezo zinaweza kusubiri mpaka uzifungue mwenyewe. Hakuna hatari kubwa hapa. Iliyo ya antivirasi yako iache, basi.

## Hatua ya 6: Huduma za Windows, tatu kwa zamu

Bonyeza Windows na R, andika `services.msc`. Kila huduma ina "Startup type", na ukizielewa hizi nne umemaliza nusu ya kazi:

- Automatic: inaanza mashine inapowaka.
- Automatic (Delayed Start): inaanza yenyewe, lakini inawapisha wengine kwanza.
- Manual: inasubiri kuitwa. Ni kama hamali aliyeketi gatini: hujamwita, humlipi.
- Disabled: haianzi hata ikihitajika, na anayeihitaji atapata kosa.

Kutoka hapo utaona kwa nini huduma iliyo Manual na haiendeshwi haili chochote. Video zinakuambia uzime huduma nne za Xbox, Fax na Retail Demo Service. Zitazame kwenye mashine yako: kwa kawaida zimeshakuwa Manual na zimelala. Kuzizima kunafupisha orodha, hakuongezi kasi.

Tufanye moja pamoja, Downloaded Maps Manager, inayosimamia ramani zilizopakuliwa ndani ya laptopu. Ibofye mara mbili. Kwenye "General" soma "Service name": imeandikwa MapsBroker. Nakili jina hilo, kwa kuwa ndilo linalotumika kwenye amri, si lile refu. Nenda "Dependencies". Kisanduku cha juu kinaonyesha inachokitegemea. Cha chini kinaonyesha wanaoitegemea. Cha chini ndicho muhimu. Kikiwa na majina, ukiizima unawazima na hao. Kikiwa kitupu, rudi "General", bofya "Stop" kama inaendeshwa, badilisha "Startup type" iwe Manual, bofya "Apply".

Tumia mashine siku moja. Hakuna kilicholalamika? Sasa unaweza kuipeleka Disabled. Usizidi tatu kwa zamu, na kila moja iandike daftarini: jina, ilivyokuwa, ulivyoiweka, tarehe. Ukizima ishirini na sauti ikapotea, hutajua mkosaji ni nani.

### Zinazofaa kufikiriwa

Downloaded Maps Manager (MapsBroker). Kama hutumii ramani za nje ya mtandao, izime.

Connected User Experiences and Telemetry (DiagTrack). Inakusanya na kupeleka Microsoft taarifa za matumizi na hitilafu. Kwa laptopu ya nyumbani inaweza kuzimwa, na wenye bando dogo huifurahia.

SysMain. Inatabiri programu utakazofungua na kuzitayarisha kwenye RAM. Kwenye diski za kuzunguka zilizochoka, wakati mwingine ndiyo inayoishika diski. Isimamishe kwa "Stop" bila kubadilisha kitu kingine, tazama Disk kwa robo saa. Ikishuka, iache imezimwa. Isiposhuka, irudishe, haikuwa na hatia.

Windows Search (WSearch). Mimi siizimi. Ukiizima, kutafuta faili kunakuwa polepole. Kwanza ingia Settings, utafute "Searching Windows", uchague "Classic" badala ya "Enhanced", ili isipekue kila folda.

Print Spooler (Spooler). Mwaka 2021 ulipogunduliwa udhaifu ulioitwa PrintNightmare, ushauri wa Microsoft ulikuwa kuzima huduma hii pale isipohitajika, mpaka kiraka, yaani sasisho la kuuziba, kipatikane. Asiyechapisha kabisa anaweza kuizima. Lakini ukiizima, hata "Microsoft Print to PDF" inakufa, na wengi ndiyo wanayohifadhia risiti zao. Kwa wenye saiba (maduka ya kompyuta na intaneti) pale Usita wa Mui hili halina mjadala: kuchapisha ndiyo chakula, iacheni.

### Zisizoguswa

Remote Procedure Call, DCOM Server Process Launcher, Plug and Play, Power, User Profile Service, Windows Event Log na Windows Management Instrumentation. Hizi ndizo nguzo.

WLAN AutoConfig ndiyo Wi-Fi yenyewe. DHCP Client ndiyo inayoipatia laptopu anwani kwenye mtandao. Ukiizima utaona Wi-Fi imeshika na hakuna kinachofunguka. DNS Client iache pia. Windows Audio na Windows Audio Endpoint Builder ni sauti.

Cryptographic Services inathibitisha saini za programu na masasisho. Windows Time inarekebisha saa, na saa ikipotea sana kurasa salama kama za benki na eCitizen hukataa kufunguka. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekufa inaihitaji kuliko nyingine zote.

Base Filtering Engine, Windows Defender Firewall na Microsoft Defender Antivirus ni ulinzi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo aliyebaki nayo asijivue kinga iliyosalia.

### Windows Update inastahili maelezo yake

Hii ndiyo inayochukiwa zaidi, na naelewa. Unaweka bando la simu ili utume barua moja, linakwisha kabla hujaandika salamu. Lakini kuizima hakudumu: kuna huduma nyingine, Windows Update Medic Service, ambayo kazi yake ni kuirekebisha ikivurugwa.

Njia ya kudumu ni kuiambia Windows kwamba mtandao wako una kipimo. Unganisha hotspot ya simu, ingia Settings, "Network & internet", "Wi-Fi", fungua sifa za mtandao huo, uwashe "Metered connection". Masasisho makubwa yatasubiri. Siku ukipata Wi-Fi isiyo na kikomo, yaruhusu yashuke.

Kisha tafuta "Delivery Optimization" ndani ya Settings na uzime kuruhusu upakuaji kutoka kompyuta nyingine. Ikiwashwa, laptopu yako nayo inaweza kugawia wengine masasisho iliyokwisha kuyapakua.

## Hatua ya 7: Huduma zinazokataa

Kuna huduma ambazo kitufe chake kimefifia au zinarudi. Hapo tunatumia amri. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`sc.exe stop MapsBroker`

`sc.exe config MapsBroker start= disabled`

Tazama mstari wa pili. Baada ya alama ya = kuna nafasi, na kabla yake hakuna. Ukiibana, badala ya jibu unaweza kupewa karatasi ndefu ya maelekezo.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu haupigi kelele. Kwenye PowerShell inayokuja na Windows, `sc` peke yake ni amri tofauti kabisa, ya kuandika maneno kwenye faili. Ukiandika `sc stop MapsBroker` humo, hutaona kosa lolote. Itaunda faili liitwalo "stop" lenye neno MapsBroker ndani yake, na huduma itaendelea kama kawaida. Ndiyo maana naandika `sc.exe` kila mara: inafanya kazi kwenye madirisha yote mawili.

Majibu utakayokutana nayo:

- `ChangeServiceConfig SUCCESS`: imekubali.
- Kosa la 5: hukufungua dirisha kama msimamizi, au huduma inalindwa. Kama inalindwa, iache.
- Kosa la 1060: hakuna huduma ya jina hilo. Umeandika jina refu badala ya "Service name".
- Kosa la 1068: unachowasha kinategemea kingine ulichokizima. Rudi kwenye daftari.

Utaziona pia huduma zenye mkia wa herufi na tarakimu, kama CDPUserSvc_ na herufi ngeni baada yake. Hizo huundwa kwa kila mtumiaji anapoingia na mkia hubadilika. Ukijaribu kuzibadilisha kwa services.msc unaweza kujibiwa "The parameter is incorrect". Zipite.

Ikiwa huduma inarudi hata baada ya hayo, fungua `taskschd.msc`, bofya "Task Scheduler Library", utafute kazi yenye jina la programu uliyoing'oa. Iweke "Disable". Kazi zilizo ndani ya folda ya Microsoft usiziguse.

## Hatua ya 8: Kufuta mabaki

Kufuta ni kwa huduma ambayo programu yake haipo tena. Huduma za Windows hazifutwi, hata uwe na uhakika gani.

Weka jina halisi badala ya JinaLake, kisha soma mstari wa BINARY_PATH_NAME:

`sc.exe qc JinaLake`

Nenda kwenye folda hiyo. Kama faili lipo, rudi hatua ya 4, hujaing'oa programu. Kama halipo, chukua nakala kwanza:

`reg export "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\JinaLake" C:\JinaLake.reg`

Ndipo ufute:

`sc.exe delete JinaLake`

Jibu la mafanikio ni `DeleteService SUCCESS`. Ukipata kosa la 1072, huduma imeshatiwa alama ya kufutwa ila kuna dirisha linaloishikilia. Funga services.msc na Task Manager, uwashe upya. Ukijuta, bofya mara mbili lile faili la .reg, kubali, uwashe upya.

## Mambo yakiharibika

Wi-Fi imepotea: services.msc, WLAN AutoConfig na DHCP Client zote ziwe Automatic na ziwashwe. Huhitaji mtandao kufanya hivyo.

Mashine inafika kwenye skrini ya kuingia lakini haiingii: shikilia Shift, bofya alama ya kuzima, chagua "Restart" ukiwa bado umeshikilia. Itafungua skrini ya buluu. Fuata "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", "Restart", kisha bonyeza 4 kuingia Safe Mode. Humo services.msc inafunguka. Rudisha ulivyoandika daftarini, ukianzia na cha mwisho.

Haifiki hata hapo: bonyeza kitufe cha umeme kwa sekunde kumi Windows inapoanza kuwaka, urudie mara mbili tatu mpaka itangaze matengenezo. Kisha "Advanced options", "System Restore", uchague *kabla ya huduma*. Ikidai tarakimu 48, unazo daftarini.

## Pima tena

Restart, dakika kumi, Task Manager, namba tatu. Zilinganishe na za kwanza. RAM ikishuka na diski ikitulia, kazi imefanyika. Baada ya sasisho kubwa la Windows kagua tena orodha yako, kwani baadhi ya huduma hurudishwa zilivyokuwa.

Kama hakuna kilichobadilika, acha kuwinda huduma. Hapa kwetu hewa ya chumvi na vumbi huziba feni, na prosesa ikipata joto hujipunguza kasi yenyewe. Sikiliza feni, shika upande wa chini wa laptopu. Kuisafisha ni rahisi kuliko kuipeleka Mokowe na kuipakia basi la Mombasa.

## Kwa wenye saiba

Ukishaifanyia mashine moja na ikakaa wiki nzima bila malalamiko, huna haja ya kurudia kwa mkono. Fungua Notepad, andika:

`sc.exe config MapsBroker start= disabled`

`sc.exe stop MapsBroker`

`sc.exe config DiagTrack start= disabled`

`sc.exe stop DiagTrack`

`pause`

Lihifadhi kwa jina zima.bat, na kwenye "Save as type" chagua "All files", la sivyo litakuwa zima.bat.txt na halitafanya lolote. Liweke kwenye flashi, na kwa kila mashine libofye kwa kitufe cha kulia, "Run as administrator". Neno `pause` linazuia dirisha lisifunge, upate kusoma SUCCESS kwa kila mstari wa config. Mstari wa stop ukikuambia huduma haijawashwa, hiyo si hitilafu.

Mashine iliyoshika printa iwe ya mwisho, jioni wateja wakishaondoka, na uchapishe karatasi moja ya majaribio kabla ya kufunga mlango. Wiki ya mwisho ya Juni usiguse kitu: mwisho wa ritani za kodi za KRA ni tarehe 30, na foleni hiyo haitakusubiri urejeshe mfumo.